Pipa la Mlangoni na Mgongo Wangu

Kila asubuhi nilisimama kati ya kioo cha kabati na kioo kidogo cha mkononi, nikahesabu chunusi za mgongo wangu. Za mabegani peke yake, za katikati peke yake. Nikikosea, nilianza upya. Kisha nilivaa shati jeupe la kazini, na kufikia saa nne lilikuwa na vidoa viwili vitatu vya damu nyuma.

Nafanya kazi Busia, upande wa Uganda, kwenye ofisi ya kutoa mizigo forodhani. Kujaza zile fomu kwenye kompyuta nilijifundisha mwenyewe, na ndiyo maana naogopa kukosea: sina cheti cha kujitetea nacho.

Siku moja nilivuka kwenda upande wa Kenya kutafuta dawa. Kijana wa duka la dawa alinitazama begani.

"Sista, dawa nitakupea. Lakini unaoga na maji gani?"

"Ya kisima."

"Sabuni inatoa povu?"

"Kidogo sana."

"Basi hayo ni maji magumu. Yanaweza kuwa ndiyo sababu, yanaweza kuwa siyo. Sitaki kukudanganya."

Mimi nilisikia nusu ya kwanza tu.

Kisima ni cha baba. Aliendesha malori miaka mingi, na alipostaafu jambo la kwanza alilofanya ni kuchimba kisima na kukifungia pampu ya mkono, ili mama aache kwenda mtoni. Majirani wote wa njia yetu ya kuelekea Tororo huteka hapo. Kila Jumapili baada ya kanisa, baba hupaka grisi mpini wa pampu kwa mkono wake.

Niliamua kuoga maji ya mvua kwa wiki sita, kutoka kwenye pipa lililo mlangoni chini ya mfereji wa paa. Niliandika kila siku kwenye daftari, bila kufuta neno. Wiki ya sita chunusi zilikuwa zimepungua hata mimi sikuamini. Jioni hiyo nikampelekea baba daftari.

"Baba, nadhani maji ya kisima ndiyo yananiharibu mgongo."

Alisoma ukurasa kwa ukurasa, kama alivyokuwa akisoma karatasi za mzigo.

"Umeandika vizuri," akasema.

Jumapili iliyofuata hakuigusa pampu. Jirani mmoja, mama mtu mzima, alipokuja na jerikeni, baba alimwambia, "Haya ni ya kufulia tu, mama. Usiyaoge."

"Mzee wangu, nimeyaoga mpaka nimezeeka! Imebaki ngozi gani ya kuharibika?"

Mama jirani alicheka peke yake. Baba aliingia ndani.

Kesho yake niliamka mapema kuliko kawaida, maana malori yalikuwa yamejaa mpakani. Nikamkuta mama yangu anamimina jerikeni la maji ya kisima ndani ya pipa langu la mvua.

"Mama, unafanya nini?"

"Kwani nafanya nini? Pipa la mlangoni linaachwa lipungue? Mgeni akija atanawa na nini?"

"Umeanza lini?"

"Tangu nilipoolewa, kabla ya kisima nilijazia ya mtoni. Na wewe siku hizi unaoga kama bata, unalimaliza."

Nilikaa kizingitini na daftari. Katika wiki zile sita mvua ilikuwa imenyesha siku chache tu. Siku nyingine nilikuwa nimeoga maji ya baba, na mgongo ukapona humo humo. Nilirudi ukurasa wa kwanza. Nilikuwa nimeandika kwamba maji ya mvua yana povu la kutosha, kwa hiyo naacha kujisugua kwa wavu. Hapa kwetu tunajisugua kwa kipande cha wavu, na mimi, kwa kuwa povu lilikuwa haba, nilikuwa nasugua mpaka ngozi inawaka. Tangu siku ile nilitumia kiganja tu, na dawa ya yule kijana. Labda ni wavu. Labda ni dawa. Labda maji nayo yana sehemu yake. Mpaka leo sijui.

Nakiri kwamba sikumwambia baba siku hiyo. Nililiangalia daftari langu safi, nikaona uchungu kuliharibu. Nilimwacha mzee aone aibu ya kisima chake kwa sababu ya usafi wa kurasa.

Siku ya pili nikamfuata alipokuwa amekaa nyuma ya nyumba, nikamweleza yote, pipa, mama, wavu.

"Kwa hiyo?" akauliza.

"Kwa hiyo sijui, Baba. Nilikosea."

Akatoa kalamu mfukoni mwa shati, akanipa. "Andika humo."

Nilipiga mstari juu ya ukurasa wa mwisho na kuandika chini yake. Nilipoinua kichwa alikuwa ameshaingia stoo, akatoka na kopo la grisi. Ilikuwa Jumanne.