Ming'oko ya Bi Somoe

Nakumbuka alasiri moja, mwanangu, niliita majina darasani na hakuitika mtu.

Nilikuwa nimetoka chuoni, nimejitolea kufundisha kisomo cha watu wazima katika kijiji cha ujamaa, karibu na pale mto Ruvuma unapoingia baharini. Wanafunzi wangu walikuwa kina mama. Walikuja na vumbi la shamba la kijiji miguuni, wamechoka hata wakasinzia juu ya madaftari. Mimi nilichoshwa na kuwaza tu: nimekaaje, nimesemaje, watanionaje.

Wiki ile mwenyeji wangu, Bi Somoe, alitembea hadi shamba lake la zamani, kule walikoishi kabla ya kuhamishiwa kijijini, akanichimbie ming'oko. Ni mizizi myembamba ya porini, huchemshwa kwa chumvi, na kuila kuna namna yake. Mimi wa mjini sikuijua. Aliponiandalia, kina mama wakakaa kunitazama. Nikaogopa kuchekwa, nikasema nimeshiba. Kesho yake, nimeshiba. Siku ya tatu Bi Somoe hakuja darasani, na wenzake nao wakabaki makwao; ndiyo alasiri ile niliyoita majina.

Nikaenda kwake. Alikuwa anaanika mihogo, hakuinua uso.

"Mama, nimekosa nini?"

"Wewe umeshiba, mwalimu. Utakosaje?"

Nikasimama pale, nimechoka na uongo wangu. "Sijui inavyoliwa. Niliogopa mtanicheka."

Akaacha mihogo. "Mimi na mvi hizi naandika *a* imelala chali, wajukuu wananicheka, na kesho narudi. Wewe kuchekwa mara moja tu kunakushinda?"

Akaleta sahani. Nikatafuna mzizi wa kwanza pamoja na ganda lake.

"Hee! Mwalimu anakula kuni!" jirani akapiga kelele, wakaja wote kuona.

Bi Somoe akanionyesha: bana kwa meno, vuta, ganda libaki mkononi. Nilikosea mara nyingi, wakacheka hadi wakajifuta machozi. Kesho yake darasa lilijaa, na *a* ya Bi Somoe bado ilikuwa imelala chali.

Sasa nimezeeka, mwanangu, na mengi yamenichosha kuyasema. Hili bado nalisema. Ukienda kuwasaidia watu, usiwafiche usichokijua. Wao wanakosea mbele yako kila siku. Nawe kosea mbele yao. Kula walichotembea mbali kukuletea, na uulize kinavyoliwa.

Mwenyezi Mungu akujaalie watu wa kukucheka, na wakufundishe siku hiyohiyo.