Tarehe ya Mstari wa Chini

Nakumbuka asubuhi moja ya mvua, mwanangu, nilipokuwa muuguzi kijana katika kituo cha afya huko Ruangwa. Kompyuta yetu ya kwanza ilikuwa imeletwa kutoka Nachingwea, na nikatengeneza jedwali la wajawazito. Kila mama alikuwa na mstari wake: jina, tarehe ya hedhi ya mwisho, na pembeni fomula iliyojumlisha siku za mimba ili itoe tarehe ya kujifungua. Kompyuta huitunza tarehe kama hesabu ya siku, ndiyo maana inajumlishika.

Somoe alifika kutoka Mbwemkuru na mama mkwe wake, akiomba kitanda katika nyumba ya kusubiria kujifungua. Mimba yake ya kwanza alijifungulia njiani, mtoto akafa. Vitanda vilikuwa vichache, vya waliokaribia tu. Nikatazama jedwali, nikamwambia bado ana miezi miwili, arudi nyumbani.

"We nesi, tumbo limeshashuka hivi!" mama mkwe akasema. "Hiyo mashine yako imewahi kuzaa?"

Waliokuwa kwenye benchi wakacheka. Mimi sikucheka. Wakabeba mkeka wao, wakaelekea kwenye gari la mizigo lililokuwa linapakia nje.

Mkunga mkuu wetu, Mama Komba, alikutana nao mlangoni, akarudi nao.

"Umempima?"

"Nimemwangalia kwenye kompyuta, mama."

"Kwani aliyekuja na tumbo ni kompyuta?"

Akampima mwenyewe, akatikisa kichwa, kisha akavuta kiti karibu yangu. "Hii tarehe haiendani na hedhi yake. Bonyeza hapo, unisomee inachukua namba wapi."

Nikabonyeza. Fomula ya Somoe ilikuwa inasoma kisanduku cha mama wa mstari wa chini yake. Wiki hiyo nilisogeza majina na tarehe chini ili nimwingize mama mmoja aliyechelewa kuandikishwa, lakini safu wima ya fomula nikaiacha palepale. Fomula zikazifuata tarehe kule zilikohamia. Kuanzia mstari wa mama huyo kwenda chini, kila mama alipewa tarehe ya jirani yake. Somoe tukampa kitanda, na wale wengine tukawaita, tukawapima upya mmoja mmoja.

Kesho yake Somoe alijifungua mtoto wa kike, akatokwa damu nyingi. Mama Komba hakuondoka kitandani pake hadi damu ilipokata. Barabara ya Mbwemkuru ilikuwa imeshajaa maji, gari halipiti.

Mwanangu, fomula haijui Somoe ni nani. Inajua kisanduku ulichoielekeza tu, na italeta jibu safi hata ukiielekeza kwa mtu mwingine. Ukihamisha kitu, hamisha mstari mzima. Kisha bonyeza, usome fomula inatazama wapi, na jibu likipingana na mtu aliyesimama mbele yako, msikilize mtu huyo kwanza. Mungu akupe subira ya kuuliza mara ya pili, na kila anayeiacha tarehe yake mikononi mwako afike salama.