Betri Nilizopanga Kando ya Mafiga

Nakumbuka, mwanangu, wiki moja ya mwezi wa saba nilipokuwa darasa la saba, katika shule ya msingi iliyokuwa juu kidogo ya Gatitu, hapa Nyeri. Uhuru ulikuwa bado mchanga, na sisi tulikuwa watoto wa kwanza kuambiwa kila asubuhi kwamba nchi inatungoja tusome. Hatukujua inatungoja wapi, lakini tulikimbia kwenda shuleni hivyo hivyo, miguu mitupu, matope mpaka magotini.

Mwalimu wetu aliitwa Gichuki. Wengi wa rika langu wakiulizwa kuhusu walimu wao hutaja fimbo kwanza, na siwalaumu. Mimi humkumbuka mtu mrefu mwenye koti moja la kahawia, aliyejua ni nani kati yetu amekuja bila kunywa uji, na ambaye hesabu za sehemu alitufundisha kwa viazi vitamu vya kweli, kisha tukavila. Fimbo alikuwa nayo. Ilikaa juu ya kabati mpaka buibui wakahamia huko. Nilimpenda mwalimu yule kuliko nilivyompenda mjomba wangu yeyote, na nilikuwa nao wanne.

Shule ilikuwa na redio moja, iliyonunuliwa kwa harambee ya wazazi. Kila siku saa nne vilikuja vipindi vya shule kutoka Nairobi. Mwalimu aliiweka mezani, akainua kidole, na darasa zima likaacha hata kukohoa. Kazi ya kuitunza alitupa wasichana wawili, mimi na rafiki yangu Nyawira, niliyekaa naye dawati moja tangu darasa la kwanza. Leo zamu yangu, kesho ya Nyawira. Ulitoa redio kwenye kabati la ofisi, ukaifunika gunia kama kuna mvua, ukavuka nayo uwanja polepole ili kila mtu akuone. Usifikiri lilikuwa jambo dogo. Nyinyi mna simu mfukoni, sisi tulikuwa na zamu.

Sasa, siku hizo betri zikichoka hukukimbilia kununua nyingine. Mwalimu alitufundisha kwamba joto huamsha betri. Alizipanga juu ya jiwe nje ya darasa, zikaota jua asubuhi yote, na redio ikapata sauti tena. Nyumba nyingi huku kwetu zilifanya hivyo. Lakini wewe unaujua mwezi wa saba wa Nyeri, ule msimu wa baridi tunaouita gathano. Ukungu hauondoki, mlima unajificha wiki nzima, na habari za jua unazipata kwa watu waliotoka Kagio, kule chini kwenye joto. Ijumaa moja redio ilianza kunong'ona. Mwalimu alinifungia betri zote nne kwenye kitambaa, akaniambia, "Wangari, enda na hizi nyumbani. Ukiona jua hata kidogo, uziweke nje."

Jumamosi hakukuwa na jua. Jumapili tulikwenda kanisani kwa manyunyu na kurudi kwa manyunyu. Nami Jumatatu ilikuwa zamu yangu, na nilitaka redio ipige kelele mpaka darasa la sita watuonee wivu. Basi jioni ile, mama akiwa nje anakamua ng'ombe, nilizipanga betri kando ya mafiga, karibu na chungu cha githeri, nikawa nazigeuza kama mahindi ya kuchoma. Zilipata moto hadi sikuweza kuzishika kwa mkono mtupu. Nilijiona nimemzidi mwalimu akili.

Jumatatu redio iliongea ikasikika mpaka kwenye bustani ya shule. Mwalimu alinisifu mbele ya wote, akasema huyu msichana amelitafuta jua mpaka akalipata. Sikumwambia nilikolipata. Baada ya kipindi tulitakiwa kutoa betri na kuziweka kando, lakini mimi, kichwa kimejaa sifa, niliirudisha redio kabatini nazo zikiwa ndani.

Jumanne ilikuwa zamu ya Nyawira. Manyunyu yalikuwepo, na gunia lilikuwa limelowa tangu jana, kwa hiyo alivuka uwanja akiwa ameikumbatia redio kifuani bila kuifunika. Mwalimu alizungusha kitufe. Kimya. Akafungua kifuniko cha nyuma, akakuta ute mzito wa kahawia umetapakaa ndani na kuvila vyuma vinavyoshika betri.

"Umepitisha redio kwa mvua," akamwambia Nyawira. Hakupaza sauti, na hiyo ndiyo iliyotutia hofu.

Nyawira alinitazama mara moja, kisha akatazama miguu yake.

"Kesho uje na baba yako," mwalimu akasema.

Mimi nilikuwa nimekaa mstari wa mbele, na betri zile niliziona vizuri. Zilikuwa zimevimba pande zote, jinsi nilivyozigeuza motoni. Nilijua pale pale ni kazi ya nani. Nikanyamaza. Ningeweza kukuambia niliogopa fimbo, ila ile ya juu ya kabati haikumtisha mtu. Nilichoogopa ni kupoteza zile sifa za Jumatatu. Kwa ajili ya sifa za siku moja nilimwacha rafiki yangu asimame pale peke yake, na hata leo nikiandika haya ninaona aibu.

Baba yake Nyawira, Mzee Kanyi, hakuwa mtu mbaya, lakini elimu ya msichana aliiona kama kitu cha kujaribu tu. Alikuwa amesema wazi kwamba siku atakayoitwa shuleni kwa makosa ndiyo siku ambayo Nyawira ataacha shule. Jumatano Nyawira hakuja, wala baba yake. Jioni mama aliniambia amemwona kwenye shamba kubwa la kahawa karibu na kwao, kikapu kiunoni, akichuma pamoja na wanawake wazima. Aliniambia hivyo huku akipepeta maharagwe, bila kujua ananichoma. Na wiki hiyo ndiyo mwalimu alikuwa akiandika majina ya watakaofanya mtihani wa darasa la saba. Ijumaa karatasi zilikuwa zinapelekwa mjini. Jina la Nyawira lisipokuwemo, mwaka wake ungekuwa umeenda, na kwa jinsi nilivyomjua Mzee Kanyi, shule ingekuwa imeenda nao.

Alhamisi mwalimu aliita majina. Alipofika kwa Nyawira alingoja kidogo, akalisoma tena, kisha akaendelea. Ile nafasi kando yangu kwenye dawati sikuweza kuitazama. Wakati wa mapumziko nilimfuata mwalimu nyuma ya darasa, alikokuwa ameketi juu ya gogo akishona mpira wa shule kwa sindano ya magunia.

"Mwalimu, si mvua," nikasema. "Ni mimi. Niliweka betri kwa moto."

Aliendelea kushona. Akavuta uzi, akafunga fundo, akaukata kwa meno.

"Uliweka wapi?"

"Kwa mafiga. Hapo kando ya chungu."

"Na Nyawira alikuwa anajua?"

"Hapana. Hakuwa anajua kitu."

Aliuweka mpira chini. Nilitegemea anikemee, na kwa kweli ningefurahi kukemewa. Badala yake aliongea taratibu, kama mtu anayejisemea mwenyewe. "Redio ni chuma. Chuma inatengenezwa. Lakini mimi nimefukuza mtoto wa watu, Wangari, na wewe ulikuwa umekaa hapo unaniangalia nikimfukuza." Nikaanza kulia. Akangoja nilie nimalize. Kisha akasema, "Na mimi pia niko na makosa. Niliwaambia joto inaamsha betri, sikuwaambia moto inaziua. Tena huyo msichana sikumuuliza hata swali moja. Vaa sweta, twende."

Aliwaachia darasa kazi ya kuandika, na tukaenda mpaka kwenye lile shamba la kahawa, yeye mbele mimi nyuma. Tulimkuta Mzee Kanyi naye akichuma mwishoni mwa mistari ya kahawa, naye Nyawira akiwa mbele yake, vidole vimegeuka rangi kwa utomvu. Mwanangu, siku hizo mwalimu alikuwa mtu mkubwa. Wazazi walivua kofia wakimwona. Yule mwalimu ndiye aliyevua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili, akamgeukia Nyawira kabla hata ya kumsalimu baba yake.

"Nyawira, nilikukosea. Nimekuja kukuomba msamaha."

Sikuwahi kumsikia mtu mzima akimwomba mtoto msamaha, na Nyawira naye hakujua afanye nini na uso wake. Ndipo mwalimu akamweleza Mzee Kanyi habari yote. Jina langu hakulitaja. Alinitazama tu, nami nikasogea nikasema mwenyewe, "Ni mimi, baba. Niliweka betri karibu na moto."

Mzee Kanyi akanigeukia.

"Karibu na moto wapi?" akauliza.

"Kwa mafiga."

"Ati kwa mafiga?" Akamgeukia mwalimu. "Sasa hiyo ni makosa gani? Hata mimi yangu naweka hapo hapo. Gathano ikija utaweka wapi ingine?"

"Na redio yako inaongea?" mwalimu akauliza.

Mzee akakuna kidevu. "Iliacha mwaka jana," akasema. "Mimi nilifikiri ni kituo kimefungwa."

Mwalimu alijaribu kujizuia, akashindwa. Walicheka wote wawili, wanaume wazima, mpaka wachumaji wa mistari mingine wakasimama kututazama. Mzee Kanyi akamfungua Nyawira kikapu kiunoni kwa mikono yake. "Enda shule," akamwambia. "Lakini hiyo kikapu ilikuwa karibu kujaa." Sijapata kupumua vizuri kama nilivyopumua wakati ule. Nilihisi kama nimetuliwa mtungi wa maji niliobeba tangu Jumanne.

Tulirudi watatu. Siku iliyofuata jina la Nyawira lilikwenda mjini pamoja na langu. Jumamosi mwalimu aliipeleka redio kwa fundi mmoja wa mjini, naye fundi akavisugua vile vyuma kwa msasa na kubadilisha springi mbili, na akamaliza kabla chai yake haijapoa. Mwalimu alitusimulia hayo akicheka, lakini mimi sikucheka. Kitu ambacho fundi alikitengeneza kwa muda wa kikombe kimoja cha chai kilikuwa kimekaribia kumtoa rafiki yangu shuleni, na si kwa sababu kilikuwa kikubwa. Ni kwa sababu mimi nilikaa kimya.

Nyawira alifaulu vizuri kunishinda, akawa muuguzi, akafanya kazi hiyo mpaka akastaafu. Anakaa Ruring'u, na tukikutana tunakunywa chai na kusema watu kidogo, Mungu atusamehe. Mwaka jana nilimwambia kwamba bado ninaikumbuka ile wiki, na kwamba afadhali hakujua lolote alipokuwa akilaumiwa. Aliweka kikombe chini, akanitazama kama alivyonitazama siku ile darasani.

"Nani alikuambia sikujua?" akasema. "Mimi ndio nilifungua hiyo redio kwanza, huko ofisini. Betri zilikuwa na majivu. Nilipanguza na sweta yangu kabla mwalimu aone."

Nikamuuliza kwa nini hakunitaja, na kesho yake baba yake anamtoa shule.

"Nilijua utasema," akajibu. "Siku ya kwanza nikachuma kahawa nikingoja. Siku ya pili nikangoja. Kama ungefika Ijumaa, Wangari, hatungekuwa tunakunywa hii chai."

Basi sikia, mwanangu. Kukosea utakosea, na mengi ya makosa yako yatatengenezwa na fundi. Ukikosea, sema mapema, usingoje uulizwe, maana siku unazojipa za kunyamaza kuna mtu mwingine anazilipia, na huenda mtu huyo anajua kila kitu na anakungoja wewe tu. Ukiwa mkubwa wa mahali, uliza kabla ya kulaumu, na ukimkosea mdogo wako vua kofia umwambie. Mwalimu Gichuki hakupungua hata kidogo siku ile. Na ukipata rafiki anayekungoja hivyo, usimchoshe.

Ungekuwa hapa karibu ningekutemea mate kidogo kifuani, kama nyanya zetu walivyotubariki, hata kama ungejipangusa. Kwa kuwa uko mbali, pokea hivi: Mungu akupe walimu wenye subira, akupe rafiki wa dawati moja, na kila neno gumu unalodaiwa kulisema, akufungulie mdomo kabla ya Ijumaa.