Mpango Hufunguliwa, Haupigwi Picha

Mpango hufunguliwa, haupigwi picha. Mratibu wa ujenzi aliiandika sheria hiyo kwa kalamu nzito, akaibandika kwenye mlango wa ofisi ya mabati, na chini yake akaongeza adhabu: atakayefanya kazi kwa kuangalia picha ya mpango, kazi yake itavunjwa na yeye ataondoka. Injinia aliisoma, akatia saini bila kubadilisha neno. Mafundi nao waliisoma, wakampa mratibu jina. Tangu siku hiyo aliitwa Dada Umefungua, kwa sababu kila aliyemwendea na swali, liwe la siku ya kumwaga zege au la kuletewa milango, alijibiwa kwanza kwa swali: "Umefungua?"

Sheria haikutoka hewani. Kabla ya ujenzi huu wa wodi ya wazazi, kampuni hiyohiyo ilijenga jengo la ofisi, na wapaka rangi wakamaliza ukumbi mzima, ukang'aa, kisha mafundi umeme wakaja kuchimba kuta zilezile kupitisha nyaya. Kiongozi wa wapaka rangi alikuwa na ushahidi mkononi. Alitoa simu akaonyesha picha ya mpango aliyorushiwa kwenye grupu: rangi ilikuwa wiki ile, kweli kabisa. Ila mpango ulikuwa umebadilika tangu picha ile ipigwe. Mratibu wakati huo alikuwa karani wa stoo, akisomea cheti jioni. Aliwaona wapaka rangi wakirudia ukumbi kwa nyuso za msiba, na alipopandishwa cheo, sheria ile ndiyo kitu cha kwanza alichoandika.

Mpango wenyewe ulikaa mtandaoni, kwenye programu ya kusimamia miradi. Ukiingia kwa nenosiri lako unaona kazi zote zimepangwa mstari kwa mstari, kila kazi ina kipande cha rangi kinachoonyesha inaanza lini na inaisha lini, na mshale unaonyesha kazi ipi inaisubiri ipi. Mafundi waliruhusiwa kuangalia tu. Aliyeweza kubadilisha ni mratibu, kwa agizo la injinia, na programu ilitunza kumbukumbu ya kila aliyeingia.

Aliwafundisha mmoja mmoja, kwa subira ambayo watu wachache wanayo. Fundi bomba, mtu wa maneno mengi kuliko zana, alimsumbua siku nzima.

"Dada, mimi nina mpango mmoja tu maishani, tena wa ndoa. Wa kando sina."

"Basi huo mmoja ufungue kila asubuhi kabla hujashika spana. La sivyo utaachika."

Watu walicheka, fundi bomba akacheka kuliko wote, na kuanzia kesho yake alikuwa anafungua.

Ndipo akaja kaka yake mratibu.

Kaka huyu alikuwa fundi vigae, na mkono wake haukuwa na mfano. Ulimi wake ndio uliomponza. Aligombana na msimamizi mmoja kwa sababu alielekezwa mahali pa kuanzia, akamwachia mwingine kazi katikati kwa sababu aliitwa kwa kupigiwa mluzi. Habari zilienea, na ikafika mahali hakuna mkandarasi mjini aliyetaka kumwona getini. Baba yao alipofariki ni yeye aliyeacha shule akaingia kwenye vigae ili mdogo wake asome. Mratibu hakuwahi kulisahau hilo. Alimwendea injinia akamwombea nafasi, na injinia akasema wazi, "Nampokea kwa ajili yako. Akimaliza wodi hii salama, nitampa na jengo la upasuaji. Akinizingua, sitamchukua tena, na sidhani kama kuna mwingine atakayemchukua."

Kaka alielezwa maneno hayo kama yalivyo. Akaitikia kwa kichwa.

Siku ya kufundishwa, mratibu alimketisha kwenye benchi mbele ya ofisi, vijana wa plasta wakiwa karibu wananawa mikono.

"Kaka, andika nenosiri lako hapa."

"Lipi tena? Si niliandika jana?"

"Lilelile la jana."

Aliandika kwa kidole kimoja, akikibonyeza kioo kama anayekandamiza kigae. Programu ikakataa. Akaandika tena, ikakataa. Akajaribu mara nyingine, akaunti ikajifunga.

"Mzee kafungiwa nje!" kijana mmoja akapiga kelele. "Mleteeni ngazi apitie dirishani!"

Kaka aliiweka simu juu ya benchi polepole. "Nimeanza kubandika vigae hawa hawajaota meno," alisema, na akaenda zake kuchanganya gundi.

Jioni nyumbani mama yao alikuwa anakunja nguo kitandani. Waliishi wote watatu, vyumba viwili na varanda, na habari za kazini zilifika kabla ya wenyewe kuvua viatu.

"Mwanangu," mama akasema, "huyo unayemfundisha mbele za watu ndiye aliyekufundisha kufunga kamba za viatu."

"Mama, ni sheria ya kazi."

"Sheria hiyo imeshuka, au umeandika wewe?"

Kaka alikuwa mlangoni. Hakuonekana na hasira. "Kadogo, si ni picha tu? Wewe unafungua kila siku. Fungua, piga, nitumie. Kilichomo humo si kilekile?"

"Nitaifungua akaunti yako upya, kaka. Tukae wawili tu, bila watu."

"Tutakaa. Kwa sasa nitumie."

Asubuhi alimtumia. Kesho yake alimtumia tena. Siku ya kukaa wawili haikupangwa, kwa sababu hakuna aliyekuwa na haja nayo tena. Kilichotakiwa pale ni aibu ya muda mfupi: mtu mzima akae, akosee, achekwe, ajue. Kila fundi pale alikuwa ameipitia. Mratibu aliona aibu ya kaka yake ni nzito kuliko sheria aliyowatungia wengine. Hapo ndipo alipokosea. Yaliyofuata yalitoka hapo.

Kwa muda mambo yalikwenda vizuri, na ndiyo hatari ya kosa la namna hii. Kila asubuhi, kabla kaka hajafunga mkanda wa zana, picha ilikuwa kwenye simu yake, imezungushiwa alama nyekundu mahali pa kazi yake ya siku. Alibandika sakafu ya korido kwa mistari iliyonyooka hata ukiinama kuitazama kwa ubavu. Injinia alipitisha kiganja juu ya kuta za bafu la kwanza, hakugusa ncha hata moja.

"Huyu ndiye yule wa ugomvi?"

"Ndiye."

"Mwambie ajiandae na jengo la upasuaji."

Mratibu alimwambia. Kaka alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, kama kawaida yake, na jioni ile alimnunulia mama viatu vya wazi vya kutembelea uani.

Halafu ikaja Ijumaa. Picha ya asubuhi ilionyesha kwamba kaka aanze ukuta wa bafu linalopakana na chumba cha kujifungulia, Ijumaa na Jumamosi. Ndani ya ukuta ule yalipita mabomba ya maji, na fundi bomba alitakiwa kuyapima presha asubuhi hiyohiyo kabla vigae havijaanza. Pampu yake ya kupimia ikaharibika. Alimweleza injinia, akaibeba kwenda kuitengeneza mjini. Injinia akampigia mratibu, ambaye alikuwa dukani akikagua milango.

"Sogeza kipimo hadi Jumatatu. Vigae visubiri."

"Sawa, mkuu."

Alifungua kompyuta juu ya rundo la mbao, akasogeza kipande cha kipimo, na kipande cha vigae kikajisogeza chenyewe nyuma yake, kwa kuwa mshale ulikuwa umeviunganisha. Akahifadhi. Kuanzia hapo yeyote angefungua angeona. Alifunga kompyuta akiwa na utulivu wa mtu aliyemaliza kazi, akarudi kwenye milango. Aliwafundisha watu wote kufungua, naye akazoea kuamini kwamba akishabadilisha, wote wameona. Hakukumbuka kwamba yupo mmoja asiyefungua, na kwamba ni yeye aliyemzoesha asifungue.

Kaka alianza ukuta baada ya chai, akidhani kipimo kimeshapita kama picha ilivyoonyesha. Jumamosi haikuja picha nyingine, kwa kuwa kwenye mpango mpya hakuwa na kazi siku hiyo; naye hakuingoja, kwa kuwa ile ya Ijumaa ilibeba siku zote mbili. Jumamosi mchana alikuwa amemaliza, ameujaza gundi ya mwisho kwenye mianya na kuupangusa kwa sponji.

Jumatatu fundi bomba aliingia na pampu yake begani, akasimama mlangoni.

"Mabomba yangu yako wapi?"

"Yako ndani," kaka akajibu. "Nimeyavalisha suti."

"Bwana wee, nani kakuambia uyavalishe? Sijayapima!"

Kaka alidhani ni mizaha. Alipouona uso wa mwenzake akajua si mizaha. Walifunga pampu hata hivyo, wakapandisha presha, na mshale wa kipimo haukutulia. Ulishuka, ukashuka, kisha maji yakaanza kuchungulia kati ya vigae, kwanza kama jasho, halafu kama mfereji mwembamba. Kulikuwa na maungio ya bomba yaliyolegea, jambo ambalo kipimo cha Ijumaa kingelionyesha ukuta ukiwa bado mtupu.

Injinia aliwaita wote watatu ofisini: fundi bomba, kaka na mratibu. Alianza na kaka.

"Ijumaa ulifungua mpango?"

"Nilifungua."

Mratibu aliinua kichwa. Kaka hakumtazama. Injinia alivuta kompyuta, akaingia kwenye orodha ya watumiaji, akaigeuza skrini ili wote waione.

"Akaunti yako imejifunga tangu wiki uliyokuja. Hujaingia hata mara moja. Ulifungua kwa ufunguo gani?"

Simu ya kaka ilikuwa kwenye mfuko wa shati. Picha zote zilikuwemo, pamoja na ya Ijumaa, na juu ya kila picha lilikuwepo jina la mdogo wake. Alichotakiwa kufanya ni kuitoa. Aliufunga mfuko kifungo.

"Nilikisia," akasema.

"Unakisia ukuta wa wodi?"

"Hakukisia," mratibu akasema. Alikuwa amesimama. "Nilikuwa namtumia picha. Kila asubuhi. Ya Ijumaa nilituma kabla hatujabadilisha, na tulipobadilisha sikumwambia."

"Kadogo, nyamaza."

"Sinyamazi, kaka."

Fundi bomba alitazama viatu vyake. Injinia akanyoosha kidole kuelekea mlangoni.

"Karatasi ile uliandika wewe. Inasema nini juu ya anayetuma picha?"

"Haisemi kitu."

"Na anayeifanyia kazi?"

"Kazi inavunjwa, na anaondoka."

"Umejijibu."

"Mkuu, niondoe mimi. Kosa ni langu."

"Wewe nitakuandikia onyo, na litakaa kwenye faili lako. Nikikuondoa, kesho nani atasimamia mpango? Lakini huyu kafanya kazi kwa picha, na amenidanganya usoni. Vijana wote huko nje wameisoma sheria. Nikimwacha kwa sababu ni kaka yako, kuanzia kesho itakuwa karatasi ya kuzibia upepo."

Injinia hakumwonea mtu. Alifuata kilichoandikwa, na kilichoandikwa kilikuwa na pengo upande wa mwandishi wake. Mtu anapotunga sheria akiwafikiria wengine tu, huacha pengo la namna hiyo bila kujua. Mratibu aliliziba mchana uleule. Aliandika mstari mwingine kwamba anayetuma picha naye ataondoka. Ulikuwa mstari wa haki, na haukumsaidia kaka yake kitu.

Kaka aliomba jambo moja: auvunje ukuta mwenyewe. Alitoa kigae baada ya kigae kwa patasi, akijaribu kuokoa vilivyookoleka, hadi mabomba yakaonekana yote. Fundi bomba alimsaidia kubeba vifusi na hakutania hata neno. Vijana wa plasta waliacha kazi wakamtazama akivua mkanda wake wa zana na kuutia kwenye begi, na yule aliyewahi kuitisha ngazi akamfungulia geti.

Mratibu angeweza kuacha kazi siku ile na kutoka naye. Alilifikiria. Kodi ya nyumba ilikuwa juu yake na mama alikuwa na dawa za kila mwezi, hivyo alirudi mezani akafungua mpango, akaandika kwamba ukuta wa bafu unarudiwa, akasogeza kila kilichokuwa nyuma yake.

Nyumbani kaka hakumlaumu. Mama alipouliza kulikoni, alijibu, "Nilikosea kazini, mama. Usimsumbue mtoto." Mwisho wa wiki alikusanya nguo zake na zana, akahamia kwa rafiki yake mji mwingine, akiwa kibarua wa kuchanganya saruji kwa watu wasiomjua. Mratibu humpigia simu. Hupokea, huuliza hali ya mama, na baada ya hapo hawana cha kusema.

Wodi ilikamilika, na jengo la upasuaji lilipewa fundi vigae mwingine. Kwa picha zile kaka yake alipoteza kazi ya mwisho aliyoaminiwa mjini pale, na yeye alipoteza kaka wa kurudi naye nyumbani jioni.