Keki ya Ásdís

Mimi ni mchuuzi wa samaki; nilinunua wa mashua ya Steinvör miaka ishirini, na sikuwahi kumshusha bei. Mumewe alipofariki aliuza mashua, akabakiwa na oveni yake na chama chake cha siasa, kile cha wavuvi.

Hapa Aislandi, siku ya kura kila chama hufungua ukumbi na kugawa kahawa na keki bure. Watu wenye akili hula kote. Steinvör aliwaokea wavuvi. Dada yake Ásdís aliwaokea wakulima, waliokuwa serikalini. Miaka kumi na moja iliyopita Ásdís alisema mbele ya umati, "Keki ya mdogo wangu kavu kama sera za chama chake." Tangu hapo, hata salamu zikakatika.

Oktoba iliyopita serikali ilivunjika na uchaguzi ukaletwa mapema, wiki tatu tu mbele. Katikati ya wiki ya mwisho Ásdís aliteleza kwenye barafu akavunjika mkono.

"Meza yao itakuwa tupu," wavuvi wakachekelea.

Steinvör hakucheka. Alirudi nyumbani akaoka keki mbili za mama yao, zile za matabaka yenye jamu ya plamu, akaziacha zilainike siku tatu. Jumamosi, siku ya kura, keki moja akaipeleka kwa wavuvi, nyingine akaibeba hadi ukumbi wa wakulima.

"Bibi wee, umepotea?" Bergur, mwenyekiti wao, akamtania. "Meza yenu iko ng'ambo!"

"Nimeleta keki ya Ásdís. Pisha, mikono inauma."

Ásdís alikuwa kando ya birika, mkono umefungwa plasta. Akamega kipande, akatafuna polepole.

"Iliki imezidi."

"Mama alipima kwa kiganja, dada. Unakijua kiganja cha mama."

Ásdís akatafuna tena, akameza.

"Lakini si kavu," akasema. Akasogea kwenye benchi. "Kaa basi, unanisimamia kama msimamizi wa kura."

Kesho yake matokeo yalitoka: wakulima nje, wavuvi ndani. Nilikuwa nyumbani kwa Ásdís namshushia samaki, Steinvör alipoingia bila kubisha hodi.

"Serikali yenu imeanguka, dada."

"Hata mimi nilianguka. Umekuja kunicheka?"

"Nimekuja kukusuka. Tangu Jumatano hujachana nywele, unatisha."

Ásdís akamgeuzia mgongo, akampa kitana kwa mkono mzima.