Birika Moja la Habiba

Mimi sijui kukaa. Hata siku ya kwanza kazini Isiolo, muuguzi wa magonjwa ya akili niliyeshuka kutoka Meru na sanduku moja, nilisimama kabla Matroni hajamaliza kunikaribisha. Alinitazama juu ya miwani.

"Keti, Sista. Jina la ugonjwa ni mlango. Ukikosea mlango, utaingia nyumba ya wenyewe."

Nilikasirika kimoyomoyo. Mimi nilitaka kutibu, yeye ananiletea majina.

Wakati huo mwongozo wetu wa kutambua magonjwa uliuweka ugonjwa wa kujilazimisha pamoja na magonjwa ya hofu. Una pande mbili: fikra inayorudi bila kualikwa, na kitendo ambacho mtu hurudia ili fikra hiyo itulie. Baadaye ugonjwa huo ulipewa sura yake kitabuni, ukakaa na jamaa zake: wanaojing'oa nywele, wanaojichuna ngozi, wanaorundika vitu hadi pa kulala panakosekana, wanaoona usoni mwao kasoro ambayo wengine hawaioni. Nyinyi vijana mmeikuta familia hiyo imeshapangwa. Sisi tulihama nayo.

Ndipo akaletwa Habiba wa Chechelesi, na mumewe, mchuuzi wa mbuzi.

"Salaam aleikum, Matroni. Huyu anatawadha mpaka swala inampita. Maji nanunua ya punda, anamaliza mtungi yote. Mtoto hashiki, anasema iko na najisi. Narudisha yeye kwao Biliqo. Mtoto atabaki na mama yangu."

Zahanati fulani ilikuwa imempa dawa za saikosisi, yaani ugonjwa wa kuachana na uhalisi. Zilimlaza tu, akiamka, anarudi kwenye maji. Mimi nilikuwa tayari nimeshika sindano.

"Muulize kwanza kama anajua," Matroni akasema.

Nikamuuliza. Habiba alitazama mikono yake iliyopasuka.

"Najua nimetawadha, Sista. Kichwa inajua. Roho ndio inakataa."

"Umesikia?" Matroni akaniambia. "Anagombana na fikra yake mwenyewe. Hiyo si saikosisi."

Siku hizi tunajua wapo wasiogombana nayo, na ugonjwa ni huohuo. Lakini kwa Habiba jina lilibadilika, na matibabu pia. Imamu wao alimwambia kuwa mwenye wasiwasi harudii udhu. Mume akakubali kungoja kidogo. Kila asubuhi Habiba alikuja na birika moja, akatawadha mara moja, kisha tukakaa na hofu yake mpaka ilegee. Mguu wangu ulitikisika chini ya meza zaidi kuliko wake.

"Niongezee kidogo tu, Sista."

"Hapana, mama. Tukae."

Kumnyima mtu maji Isiolo kunauma. Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira na kila mtu.

Sasa nimestaafu na majirani wanalalamika kwamba nafagia ua uliofagiliwa. Vijana wa kliniki hunipigia simu wakitaka jina la haraka la kuandika. Nawajibu kwa ukali, kisha nawasimulia asubuhi ambayo mama mkwe alimleta mtoto na kumweka mapajani mwa Habiba. Mtoto akakojoa papo hapo. Maji ya birika yalikuwa yamekwisha. Mimi nikaruka kwenda kutafuta maji.

Habiba alikuwa anatokwa na machozi, lakini mikono yake ilimshika mwanawe.

"Keti, Sista," akaniambia. "Atakojoa tena."