Sahihi ya Kwanza ya Mwalimu Editha

Mwalimu Editha amefundisha miaka thelathini na minne, na hapa mtaani kwetu Goba hatusaini karatasi kabla yeye hajaisoma. Watu humpelekea mikataba ya kupanga, fomu za hospitali, hata barua za posa.

Mwaka jana Wilfred, mwenzake wa jumuiya, aliuza kiwanja. Majirani tuliitwa barazani kwa mjumbe kushuhudia, mkataba ukiwa kurasa tatu. Miwani ya mwalimu ilikuwa kwenye mkoba. Hakuitoa. Utaanzaje kumkagua mtu ambaye juzi tu mmesali rozari sebuleni kwake? Akasaini, na sie tukamfuata mmoja mmoja, tukiamini mwalimu keshausoma kabla.

Mwezi uliopita mnunuzi akajenga ukuta kwenye njia yetu ya kutokea barabarani. Tulipomfuata kwa hasira, alitufungulia ukurasa wa tatu. Chini kabisa, kwa herufi ndogo kama sisimizi, paliandikwa kwamba majirani waliosaini wanakubali njia ile ni sehemu ya kiwanja.

Wilfred aliijua sentensi hiyo. Sijamsamehe, wala sijifanyi kumsamehe.

Jana nilipita kwa mwalimu, nikamkuta amekaa na nakala ya mkataba, miwani machoni.

"Shikamoo, mwalimu."

"Nimewachapa watoto wangapi mie," aliniuliza, "kwa kujibu swali bila kulisoma?"

Mmoja wao nilikuwa mimi. Na sahihi yangu ni ya pili, chini ya yake.